Fundo Moja ni Nyeusi, Mawili ni Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Daftari lenyewe ni lile la vipimo. Upande wa mbele kuna vifua, viuno na mabega ya watu. Nikiligeuza kichwa chini na kuanzia nyuma, niko mimi. Katikati tutakutana, Mungu akipenda.

Nimeosha dirisha la chumba chetu cha kazi, ndani na nje, na bado lina ukungu. Bwana Pini alinitazama nikilisugua mara ya pili akasema, "Mh." Hilo ndilo neno lake. Mtu mwenye pini saba mdomoni hawezi kusema mengi. Miaka kumi na tisa sasa tunapanga chumba hiki pamoja. Mimi nakata, yeye anashona. Meza yangu inatazama ukuta huu, cherehani yake inatazama ukuta ule, mgongo kwa mgongo. Tukipotezana sokoni, nadhani atanitambua kwa kikohozi.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe dirisha halikuwa na kosa.

Daktari wa macho alinimulika, akaniambia nitazame juu, nitazame chini, kisha akasema, "Mama, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili, ila la kulia limezidi." Nikacheka. Akashangaa, maana watu wengine hapo hulia. Ningemwelezaje? Mwanangu wa pekee yuko mbali, safari ya basi ya siku nzima. Nyumbani ni mimi na redio ya jirani inayopenya ukutani. Leo naambiwa nina mtoto tena, na si mmoja, ni pacha, kwa umri huu.

Ni upasuaji mdogo, alisema, jicho moja kwanza, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akanipa fomu. Nimeijaza yote isipokuwa mstari mmoja: *Jina la mtu atakayekusindikiza nyumbani.* Mbele yake kuna kisanduku kidogo: *Uhusiano.* Nesi aliniambia bila mtu huyo hawanigusi, ndiyo utaratibu wao. Nikamjibu, "Usijali, watu ninao." Fomu nimeikunja humu ndani ya daftari.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amepiga simu, kama kila Jumapili.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo mwanangu. Wewe je?"

"Sijambo. Kazi?"

"Nzuri tu. Na wewe?"

"Nzuri tu, mama."

Dakika nne. Baada ya hapo mvua ilinyesha mpaka jioni, nayo ilikuwa na maneno mengi kuliko sisi.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nikabana kwa pini.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimemkumbuka Bibi Mkasi, aliyenifundisha kukata. Alikuwa anaweza kumtazama mtu akivuka barabara na kutaja kiuno chake, asikosee hata nusu inchi. Kisha macho yakamwishia. Kwanza wakamwondolea suti, wakamwachia sketi. Wakamwondolea sketi, wakamwachia vifungo. Mwisho alikuwa anazunguka sakafuni na sumaku akiokota pini zilizoanguka. Siku moja hakuja. Tukasema labda ni mvua. Siku ya pili hakuja, na hatukusema kitu. Mimi mwenyewe, mwanafunzi wake, sikwenda kumtazama. Nilikuwa na kazi nyingi.

Ndiyo maana Bwana Pini hatajua. Mkataji asiyeona ni nani? Anaweza kupata mwingine kesho, mwenye macho mapya. Na mimi nisipokuja chumbani hapa asubuhi, sina pengine pa kwenda ambako mtu atasema hata "Mh."

Alhamisi, 20 Machi

Nimefika asubuhi nikakuta meza yangu imesogezwa mpaka dirishani. Miaka kumi na tisa meza imekaa mahali pale, miguu yake imechimba vishimo sakafuni. Nikauliza, "Nani amehamisha meza?" Akanyoosha kidole kujionyesha. "Kwa nini?" Akainua mabega. Pini mdomoni, saba, kama ilivyo desturi.

Watu huanza hivyo. Kwanza wanakuhamisha kidogo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimegundua mafundo. Kwenye pembe ya kila kitambaa kilichoko rafuni kuna uzi umeshonwa na kufungwa fundo. Vingine fundo moja, vingine mawili, vingine matatu. Si kazi yangu. Hajaniambia chochote. Anahesabu nini? Labda anaweka alama ya vile atakavyoondoka navyo.

Jumatano, 26 Machi

Sasa ananikagua. Zamani nikimpa vipande alikuwa anavichukua na kushona papo hapo. Leo alivitandika juu ya mapaja, akavilinganisha, akavigeuza, akavisogeza kwenye mwanga. Nikajifanya sioni, jambo ambalo siku hizi halinipi taabu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na waliosema hivyo naamini walikuwa mafundi.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Sketi mbili za wakili, mteja wetu, krepu nyeusi. Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Bwana Pini hakuja. Ametuma ujumbe: "Nina dharura. Nitarudi." Nikaandika "Pole," nikafuta. Nikaandika "Sawa," nikatuma. Hatuulizani mambo ya nyumbani, ndivyo tulivyozoeana. Hata kama anakwenda kutafuta mkataji mwingine, nitauliza nini?

Chumba kimya. Nimeisalimia ile sanamu ya kujaribia nguo. Haikujibu vibaya.

Jumatano, 9 Aprili

Amekuja mteja mpya, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwavuli unachuruzika, bahasha yenye kitambaa kifuani ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Akachungulia kila pembe ya chumba.

"Mama, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Afadhali. Naomba tuingie nyuma ya pazia."

Nyuma ya pazia akavua blauzi, kisha akasimama akitazama ukuta. Miezi minane iliyopita titi la kushoto liliondolewa. Kovu limenyooka, mshono mzuri. Nilitaka kumwambia hivyo, kama fundi kwa kazi ya fundi mwingine, lakini nikaona nisubiri. Nikachukua tepu. Mkono wangu ulikuwa baridi, nikaupasha kwanza kwenye shingo yangu ndipo nikamgusa. Akaliona hilo. Mabega yake yakashuka kidogo.

Ni mwalimu. Shule zinafunguliwa tarehe 28, na siku hiyo atarudi darasani kwa mara ya kwanza. "Nataka gauni," alisema. "Sio la kuficha kama gunia. Nimechoka na magunia. Nataka nisimame ubaoni, watu wasikilize somo. Basi."

Nikamweleza nitakavyofanya: mikunjo itakayoshuka kutoka begani, na ndani ya bitana mfuko mdogo wa kuwekea kile kifuko cha sponji alichopewa hospitali, kisihame. Akaniuliza kama naweza kufanya kazi hiyo mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, asiiguse mtu mwingine. Nikamwahidi.

Alipokuwa anafunga vifungo akasema, "Unajua kinachochosha? Sio ugonjwa. Ni kuulizwa 'unaendeleaje' na mtu ambaye tayari amesimama kwenye jibu. Unamwambia 'vizuri tu,' naye anashukuru, anakwenda zake. Wewe leo ndiye wa kwanza ambaye sikumwambia vizuri tu."

Kisha akanitazama. "Na wewe mama? Mbona unakaza macho hivyo? Unaumwa?"

Mlango huo ulikuwa wazi kabisa. Nilihitaji hatua moja tu.

"Aa, nzuri tu, Mwalimu," nikasema. "Ni mwanga wa humu."

Kitambaa chake ni krepu ya bluu iliyokolea. Duka liliishiwa, likampa vipande viwili, kirefu na kifupi. Nimeviweka rafuni.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekata gauni la Mwalimu. Kipande kirefu kimetoa mwili wote, kifupi kimetoa mikono. Mkasi uliteleza leo kama zamani. Vidole vyangu vina macho, nilimwambia sanamu. Nilikuwa na furaha, nadhani, au kitu kinachokaa karibu na furaha. Kuna mtu ananitegemea kwa jambo ambalo hakumwambia mwingine.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana Pini amerudi, amekonda, na hana pini mdomoni. Amejifunga kifuko cha pini kwenye kifundo cha mkono, kama wanafunzi. Na anaongea!

"Habari za siku nyingi, fundi?"

"Nzuri."

"Mvua hizi zitatumaliza."

"Ndiyo."

"Mwanao hajambo?"

Nikageuka kumtazama. Miaka kumi na tisa, ndiyo mara ya kwanza kuuliza. Mtu habadiliki hivyo bila sababu. Nikajibu hajambo, nikarudi kwenye meza yangu ya dirishani.

Alhamisi, 17 Aprili

Nashona gauni nyuma ya pazia, kwa mkono na kwa ile cherehani ndogo ya akiba.

"Unashona nini huko, fundi?"

"Changu."

"Nikusaidie kutunga uzi?"

"Nani kakwambia nimeshindwa kutunga uzi?"

Nilisikia kiti chake kikilia, kisha cherehani ikaanza. Ilikuwa na mwendo wa mtu aliyeudhika. Au aliyehuzunika. Kwa mgongo ni vigumu kujua.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu amejaribu gauni. Umeme ulikatika tangu asubuhi na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tuliongea kwa kupaza sauti. Bwana Pini alitoka mwenyewe, akasimama barazani na mwavuli, bila kuombwa.

Alijitazama kwenye kioo kile chenye giza. Hakutazama pengine popote, kifua tu. Akageuka upande, akageuka upande wa pili. Kisha akashusha mikono, ikaning'inia kawaida, na nikagundua kwamba tangu siku ya kwanza sikuwahi kuona mikono yake ikining'inia.

"Mama," akasema, "siku ya Jumatatu nitakuombea dua kila kipindi."

Akanikumbatia. Niliganda kama sanamu, sikujua niweke wapi mkasi. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunikumbatia. Nikifika nyumbani nitahesabu, nilijisemea, na nilipofika sikuhesabu.

Jumapili, 27 Aprili

"Hujambo mama?" "Sijambo." "Nzuri?" "Nzuri tu." Dakika tatu. Sauti yake ilikuwa na mafua. Au sijui.

Jumatatu, 28 Aprili

Nitaandika yote.

Jua limetoka leo, la kwanza baada ya wiki mbili. Barabara ilikuwa inang'aa. Nilimwaza Mwalimu tangu asubuhi: sasa amefika getini, sasa ameshika chaki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilikuwa nimeshalitia zamani, ila nilikuwa sijaambiwa.

Saa nane mchana akaingia. Juu ya gauni amevaa sweta zito, kwenye joto lile. Hakujali kwamba Bwana Pini yupo. Akavua sweta, akasimama dirishani, kwenye jua.

"Mama, hebu nitazame. Hili gauni lina rangi gani?"

"Bluu," nikasema.

"Na mikono?"

Nikakaza macho. Nikasogea. Nikashika mkono wa gauni kati ya vidole, ile krepu niliyoijua. "Bluu," nikasema tena.

"Ni nyeusi," akasema. "Mikono yote miwili ni myeusi tititi, na gauni ni bluu. Kwenye giza la siku ile hatukuona. Kwenye jua anaona kila mtu."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaeleza taratibu, kama anayesahihisha daftari. Aliingia darasani, akageukia ubao, akasikia minong'ono. Akageuka, macho yote yako kwake. Akajua: wameona. Akachukua daftari la mahudhurio, akalikumbatia kifuani, na hakulishusha tena. Kipindi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alifundisha kwa mkono mmoja. Kwenye chumba cha walimu wakamtazama vilevile, wakatazama pembeni. Saa ya mapumziko akajifungia chooni, akabonyeza sponji, akailaza, akaiinua, akitafuta kosa. Alipotoka, mwalimu mwenzake akamwambia, "Shoga, gauni zuri, ila mbona mikono ya rangi nyingine? Ndio mtindo?"

"Walikuwa wanatazama mikono," Mwalimu akasema. "Asubuhi nzima nimejificha mwili wangu, kumbe watu wanatazama mikono ya gauni."

Nilifungua mdomo kusema kitambaa kilichanganyika rafuni, na wakili ana krepu nyeusi ya duka lile lile, na umeme ulikatika. Yote ni kweli. Akaniwahi.

"Huoni, sivyo? Siku ile nilikuuliza. Nilivua nguo mbele yako, mama. Nilikuonyesha kitu ambacho hata dada yangu sijamwonyesha. Nikakuuliza una nini, ukaniambia nzuri tu."

Sikuwa na pa kusimama. Nikasema, "Sioni vizuri, Mwalimu. Ni mtoto wa jicho. Nilijua tangu Machi."

Nyuma yangu Bwana Pini akasema, "Mimi nilijua tangu Februari."

Nikageuka.

"Ulikata suruali ya kahawia na mifuko ya kijani. Nilirudia. Nikasogeza meza kwenye mwanga, ukakasirika. Nikaweka mafundo: moja ni nyeusi, mawili ni bluu, matatu ni kahawia. Nilijua vidole vyako vitayapata vyenyewe." Akaelekeza rafuni. "Kitambaa cha huyu dada kiliingia siku ambazo sipo. Hakina fundo."

Asiyekuwepo na lake halipo. Akaenda rafuni, akarudi na kipande kifupi cha krepu, akakilaza kwenye jua karibu na mkono wa gauni. Hata mimi, kwa jicho la kushoto, niliona tofauti kidogo.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilimfokea. Hasira zote za kujifokea mimi nilimpa yeye.

"Ningekuuliza, ungenijibu nzuri tu," akasema. "Na ukishasema nzuri tu, ningeanzia wapi tena?"

Mwalimu alikuwa ameshakwenda nyuma ya pazia. Akatoka na nguo nyingine aliyokuja nayo kwenye mkoba, akaliweka gauni juu ya meza, likiwa limekunjwa vizuri. Akaondoka. Hakuaga, na sikustahili kuagwa.

Jumanne, 29 Aprili

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi kifo hakikuhitajika, jua tu lilitosha.

Jumatano, 30 Aprili

Hakuja. Nimefumua mikono ile myeusi, mshono mmoja mmoja, kwa kupapasa. Sijakata mipya. Si haki yangu mpaka Mwalimu aseme.

Ijumaa, 2 Mei

Amekuja saa tisa, chaki kwenye vidole. Hakukaa.

"Nataka gauni langu," akasema. "Na nataka ulikate wewe."

"Mwalimu, huyu mwenzangu ni fundi kuliko—"

"Nimesema wewe. Mwili wangu unaujua wewe. Huyu baba atakusomea rangi. Mimi nitakaa hapa nitunge nyuzi. Sijasema nimekusamehe. Nimesema nataka gauni."

Basi tukafanya hivyo, watu watatu na kitambaa kimoja. Nikafungua daftari kutafuta vipimo vyake, na kwa haraka nikalifungua upande wangu. Fomu ikaanguka. Mwalimu akaiokota, na kama walimu walivyo, akaisoma kabla hajajua kama anaruhusiwa.

"Imejazwa yote. Ya tarehe sita Machi." Kidole chake kikasimama. "Mstari huu mbona mtupu?"

Ningeweza kusema nimesahau. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Nikasema, "Sina wa kuandika."

Ni maneno matatu. Niliyabeba tangu Machi, na yalipotoka niliona aibu, kisha nikaona nimechoka, kisha nikataka kukaa chini, nikakaa.

Kisha Bwana Pini akavuta kiti chake, akakileta upande wangu, akakaa akinitazama. Ana mvi nyingi. Sijui zilianza lini.

"Unajua nilikuwa wapi zile siku nne?" akasema. "Hospitali. Nilimeza pini."

Mwalimu akaziba mdomo.

"Miaka ishirini watu wananionya. Nikapiga chafya, ikapita. Nikaona aibu kumwambia mtu. Wakanilaza wasubiri itoke yenyewe. Kila asubuhi picha, kila asubuhi daktari anasema, 'Bado iko njiani.' Kama basi."

Mwalimu alianza kucheka, kisha mimi, kisha yeye mwenyewe, na sikuwahi kukisikia kicheko chake chote. Ni kikubwa kuliko yeye. Miaka yote kilikuwa kinazuiwa na pini.

Tulipotulia, akasema, "Waliponilaza waliniuliza jina la mtu wangu wa karibu. Mke wangu alishatangulia, watoto sikujaliwa. Nikataja lako."

"Langu?"

"Hawakukupigia kwa sababu sikufa." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Akaandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kwenye kile kisanduku cha *Uhusiano* alisita, akatazama dari, kisha akaandika kitu. Mimi niliona mistari inayotambaa tu. Nikamuuliza ameandika nini. "Weka sahihi," akasema. Mwalimu akasoma juu ya bega lake, na hakuniambia.

Jumapili, 4 Mei

"Mama, hujambo?"

"Sijambo mwanangu, ila..."

Hajawahi kusikia neno hilo kutoka kwangu.

"Ila nini, mama?"

Nikamwambia. Macho, fomu, gauni, yote. Akalia, akanigombeza, akasema atakuja, nikamwambia asije kwa ajili ya jicho, aje akiwa na nafasi. Kisha akavuta pumzi.

"Na mimi nina ila yangu, mama. Ina miezi mitatu."

Hiyo sitaiandika hapa, ni yake. Tumeongea dakika arobaini na nane. Nilipokata simu, sikio lilikuwa la moto, na nyumba ilikuwa kimya kuliko kawaida. Sijui kwa nini nililia baada ya simu, na si wakati wa simu. Miaka mingapi nimemfundisha kusema nzuri tu?

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu amelichukua gauni. Alilivaa, akatoka nalo hadi katikati ya barabara, kwenye jua, akajizungusha mara moja. Akarudi mlangoni. "Bluu," akasema. "Mwaka ukiisha nitakuja kwa lingine. Uwe umeshaona."

Alhamisi, 8 Mei

JICHO LA KULIA LIMEFUNGWA. NAANDIKA KUBWA. BWANA PINI ALINIRUDISHA MPAKA NDANI, AKAONA KIKOMBE KIMOJA KWENYE KICHANJA. AMEKAA MPAKA CHAI IKAPOA, YEYE AKINYWEA BAKULI.

Ijumaa, 9 Mei

Wamefungua bandeji asubuhi. Nilikuwa nimesahau kwamba nyeupe ni nyeupe hivi. Shuka, ukuta, mvi za Bwana Pini aliyekuwa amekaa kwenye benchi akijifanya anasoma tangazo la kunawa mikono.

Nesi alinipa nakala ya fomu nikaiweka, na nimesubiri mpaka nimefika nyumbani, peke yangu, mlango umefungwa, ndipo nikaifungua dirishani. Nje inanyesha, manyunyu ya mwisho haya, na kila tone naliona.

Kumbe ana majina matatu. La katikati sikuwahi kulisikia. Mwandiko wake ni mdogo, umenyooka, kama mshono wake.

Kwenye *Uhusiano* wengine huandika mume, au binti, au kaka. Kisanduku chenyewe ni kifupi, yeye amekijaza mpaka maneno yakatoka nje ya mstari:

*Tunakaa mgongo kwa mgongo.*

Nimeisoma mara mbili, mara moja kwa kila jicho. La kushoto bado lina mtoto wake, lakini hata hilo limesoma.